Zenith ya Le Locle: Historia ya Kampuni ya Saa Iliyobebwa na Zana Zake

Mtu anayetaka kuijua historia ya kampuni ya saa ya Zenith hukutana mapema na mambo yanayoonekana kupingana. Ataambiwa kwamba ni kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1865, kisha ataambiwa kwamba katika miaka ya 1970 ilikuwa mali ya kampuni ya Marekani iliyotengeneza redio na televisheni, nayo ikiitwa Zenith vilevile. Ataambiwa kwamba ndiyo iliyoutangulia ulimwengu kutoa kronografu (saa yenye kipima muda) inayojijaza yenyewe, lakini akiendelea kusoma atakuta pande nyingine mbili zinazodai heshima hiyohiyo. Atasikia kwamba Rolex, jina kubwa kuliko yote katika biashara hii, iliendesha moja ya saa zake mashuhuri kwa mashine iliyotoka Zenith kwa zaidi ya miaka kumi. Na atasikia kwamba kampuni iliyokwisha kuamriwa kuachana na saa za kimakanika ilirudi kutengeneza mashine ileile iliyokuwa imehukumiwa, kwa sababu fundi mmoja hakukubali zana zake ziuzwe.

Yote hayo ni kweli. Yanaonekana kupingana kwa sababu historia za kampuni za saa kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina: nani alianzisha, nani alinunua, saa gani ilivaliwa na mtu gani maarufu. Historia ya Zenith hueleweka vizuri zaidi msomaji akifuata zana, yaani mashine na kalibu zilizokata vipande vya saa, pamoja na watu waliojua kuzitumia. Jina limebadilisha wenyewe mara kadhaa. Zana zilibaki Le Locle, na ndizo zilizoamua kama kampuni ingeendelea kuishi au la.

Kwanza ni vyema kueleza saa ya kimakanika ni kitu gani. Ndani yake mna kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo. Mvaaji akiijaza saa, kamani hukaza, kisha huanza kujilegeza polepole na kusukuma mfululizo wa magurudumu yenye meno. Kama hakungekuwa na kitu cha kuzuia, nguvu hiyo yote ingekwisha kwa dakika chache. Kinachozuia ni kipande chenye umbo la nanga, ambacho hulishika gurudumu la mwisho na kuliachia jino moja baada ya jingine, kikiongozwa na gurudumu la mizani, duara dogo linalozunguka kwenda na kurudi kwa msaada wa springi nyembamba kama unywele. Mlio wa tiki-tiki tunaousikia ni sauti ya nanga hiyo ikigonga meno. Ubora wote wa saa unategemea gurudumu hilo la mizani liende na kurudi kwa muda uleule, iwe saa imelala mezani, imesimama wima, kuna baridi au kuna joto.

Vipande hivyo ni vidogo sana na kila kimoja kinahitaji zana yake. Kwa karne moja na zaidi, mafundi wa milima ya Jura, magharibi mwa Uswisi, walitatua tatizo hilo kwa kugawana kazi nyumba kwa nyumba. Le Locle iko juu, karibu mita 950 kutoka usawa wa bahari, katika jimbo la Neuchâtel jirani na mpaka wa Ufaransa, na majira ya baridi huko ni marefu. Wakulima waliofungiwa ndani na theluji walikata magurudumu, walisugua skrubu au walitengeneza nyuso za saa, kila familia na kazi yake, kisha mfanyabiashara aliyeratibu kazi alikusanya vipande na kuvipeleka kwa waunganishaji. Mfumo huo ulikuwa na faida kubwa: haukuhitaji mtaji mwingi, na soko likidorora hapakuwa na kiwanda cha kufunga. Udhaifu wake ulikuwa kwamba vipande vya nyumba moja havikulingana sawasawa na vya nyumba nyingine, hivyo muunganishaji alilazimika kupiga tupa na kurekebisha kila saa peke yake. Saa ikiharibika baadaye, kipande cha badala hakikupatikana dukani. Kilitengenezwa upya kwa mkono.

Georges Favre-Jacot alizaliwa mwaka 1843 katika mazingira hayo na aliufahamu mfumo huo tangu utotoni. Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 22, alianzisha kampuni yake Le Locle akiwa na wazo ambalo leo linaonekana la kawaida lakini wakati huo lilikwenda kinyume na desturi ya milima yote: kuwaweka mafundi wa kazi zote chini ya paa moja, kuanzia wakata vyuma hadi warekebishaji wa mwisho, na kuwapa mashine za kutengeneza vipande vinavyofanana kiasi cha kubadilishana. Wazo la vipande vinavyobadilishana lilikuwa likikua Marekani, ambako kampuni kama Waltham zilitengeneza saa kwa mashine. Uswisi kwa jumla ilizinduka baadaye, baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, wajumbe wake waliporudi na habari kwamba Wamarekani wanatengeneza kwa maelfu saa nzuri zenye vipande vya kubadilishana. Favre-Jacot alikuwa ametangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika yaliyofuata, kwa hiyo nitalisisitiza. Kampuni inayonunua mashine za saa kutoka kwa wengine na kuzitia ndani ya kasha lake inaweza kubadilisha mwelekeo kwa msimu mmoja. Kampuni inayotengeneza mashine zake yenyewe hubeba mzigo mzito wa kalibu, mashine za kugonga na maarifa yaliyo vichwani mwa watu. Mzigo huo ni gharama mambo yakiwa mabaya. Wakati huohuo ndio pekee unaoweza kuifufua kampuni hiyo, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kutengeneza kile inachokitengeneza.

Jina lenyewe lilikuja baadaye. Karibu na mwisho wa karne ya 19 kiwanda kilitoa mashine ya saa ya mfukoni iliyopewa jina Zenith, na mwaka 1900 kikapata tuzo katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Mashine hiyo ilisifika kiasi kwamba mwaka 1911 kampuni nzima ilichukua jina lake, na mwaka huohuo mwanzilishi aliondoka katika uongozi. Mwaka 1912 Favre-Jacot alijengewa nyumba Le Locle na kijana msanifu majengo wa mji jirani wa La Chaux-de-Fonds aliyeitwa Charles-Édouard Jeanneret, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Le Corbusier. Miji hiyo miwili, iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka ili kila karakana ipate mwanga wa kutosha, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2009.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Zenith ilijenga sifa kwa njia ambayo leo haipo tena, nayo ni mashindano ya vituo vya falaki, yaani vya kuchunguza nyota. Kituo cha Neuchâtel kilipokea saa kutoka viwandani na kuzipima kwa wiki kadhaa mfululizo, katika mikao tofauti na viwango tofauti vya joto, kisha kikatoa alama kwa kila saa. Saa za mashindano hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa kazi ya warekebishaji waliokaa miezi na saa moja, wakiigusa springi ya unywele kwa koleo ndogo chini ya kioo cha kukuza, wakiondoa au kuongeza uzito usiopimika kwa mizani ya kawaida kwenye ukingo wa gurudumu la mizani, kisha wakisubiri siku nzima kuona kama tofauti imepungua kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mashine ya Zenith iliyong'ara kuliko zote katika uwanja huo ni kaliba 135 (kaliba ni muundo wa mashine ya saa wenye namba yake), iliyochorwa na Ephrem Jobin mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilishinda nafasi ya kwanza Neuchâtel miaka mitano mfululizo, kuanzia 1950 hadi 1954.

Kaliba 135 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha njia mojawapo kati ya mbili za kuipata saa sahihi. Njia ya kwanza ni kulifanya gurudumu la mizani liwe kubwa na zito kadiri inavyowezekana, ili mtikisiko mdogo usiweze kuliyumbisha. Jobin alilisogeza pembeni gurudumu ambalo kwa kawaida hukaa katikati ya mashine, na nafasi iliyopatikana akaitumia kuweka gurudumu la mizani la ukubwa usio wa kawaida kwa saa ya mkono. Gurudumu hilo lilikwenda taratibu, mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kwa sekunde. Njia ya pili ni kinyume chake: gurudumu dogo, jepesi, linalokwenda kasi sana. Fikiria bembea mbili, moja ikienda polepole na nyingine haraka. Ukizigusa zote mara moja, ile ya haraka hurudi katika mwendo wake mapema zaidi, kwa sababu inapita mahali pake pa katikati mara nyingi zaidi katika muda uleule. Zenith ilikuwa imefika kileleni kwa njia ya kwanza. Umaarufu wake wa baadaye ulitokana na njia ya pili.

Mwaka 1960 kampuni ilikuwa imeinunua Martel, kiwanda cha Les Ponts-de-Martel kilichobobea katika kronografu, yaani saa zenye mshale wa ziada unaoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa sifuri kwa vibonyezo ili kupima muda wa tukio. Mwaka 1962 kazi ilianza ya kutengeneza kronografu inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Matumaini yalikuwa kuizindua mwaka 1965, kiwanda kikitimiza miaka 100. Haikuwezekana. Saa zinazojijaza zilikuwepo kwa miongo kadhaa, na kronografu zilikuwepo kwa muda mrefu zaidi, lakini kuviunganisha viwili hivyo kulikuwa kugumu kwa sababu ya nafasi: mfumo wa kujijaza unahitaji uzito unaozunguka juu ya mashine, na kronografu nayo hukaa juu ya mashine palepale. Ukiweka kimoja juu ya kingine, saa inakuwa nene isiyovalika.

Wahandisi wa Zenith waliamua kutopachika kitu juu ya mashine iliyokuwepo, bali kuchora upya mashine nzima ambayo kronografu na mfumo wa kujijaza ni sehemu zake tangu mwanzo. Waliipata ikiwa na unene wa milimita 6.5 tu, pamoja na kalenda. Kisha wakaongeza jambo ambalo hawakulazimika kuliongeza: mwendo wa mapigo 36,000 kwa saa. Ukigawanya kwa sekunde 3,600 unapata mapigo kumi kamili kwa kila sekunde, na kwa hiyo mshale wa kronografu unaweza kusimama kwenye sehemu ya kumi ya sekunde bila kukadiria. Saa ya mapigo 18,000 husimama kwenye sehemu ya tano. Ya mapigo 28,800, ambayo ndiyo kawaida ya saa nyingi za leo, husimama kwenye sehemu ya nane, ambayo haiingii vizuri katika hesabu za kumi-kumi. Kasi hiyo ilileta taabu zake. Mafuta ya kawaida yalirushwa kutoka kwenye meno ya gurudumu linaloshikwa na nanga, hivyo kiwanda kililazimika kutumia kilainishi kikavu kilichoshikamana na chuma. Na kamani ililazimika kuendesha mwendo huo wa kasi kwa karibu saa 50 bila kujazwa. Mambo ya aina hii hayaonekani kwenye tangazo la biashara, lakini ndiyo yaliyokula miaka saba.

Mashine hiyo, yenye takriban vipande 280, ilioneshwa kwa waandishi wa habari tarehe 10 Januari 1969 kwa jina la El Primero, lenye maana ya wa kwanza kwa Kihispania. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo kundi la kampuni zilizoungana, zikiwemo Breitling, Heuer na Buren, likitumia utaalamu wa kampuni ya Dubois-Dépraz, lilitangaza kronografu yake inayojijaza, ambayo ilikuwa na sehemu ya kronografu iliyopachikwa juu ya mashine yenye uzito mdogo uliofichwa ndani. Mwezi Mei, Seiko ilikuwa tayari inauza ya kwake katika soko la Japani. El Primero yenyewe ilifika madukani baadaye, mwishoni mwa mwaka huo.

Basi ni nani aliyetangulia? Kwa tarehe ya kutangazwa, ni Zenith. Kwa tarehe ya kumfikia mnunuzi, Seiko ina hoja yenye nguvu. Kundi la Breitling na Heuer lina hoja ya kuonesha saa nyingi zilizokamilika ndani ya muda mfupi baada ya kutangaza. Mabishano haya hayaishi kwa sababu kila upande unapima kwa kipimo tofauti. Kwa maoni yangu swali hilo limepewa uzito usiostahili. Kati ya mashine hizo tatu, ni El Primero tu ambayo bado inatengenezwa katika kiwanda kilekile, kwa muundo uleule wa msingi, na hilo lina maana kubwa kuliko tofauti ya wiki chache.

Mwaka huohuo wa 1969, tarehe 25 Desemba, Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi (aina ya fuwele) sokoni. Ndani yake hamkuwa na gurudumu la mizani. Mlikuwa na kipande cha kwatzi kilichotikisika mara 8,192 kwa sekunde kwa nguvu ya betri. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu na bei ya gari dogo, kwa hiyo mwanzoni haikumtisha mtu yeyote kwa wingi wake. Lakini usahihi wake ulihesabiwa kwa sekunde chache kwa mwezi, wakati saa nzuri ya kimakanika ilipoteza au kuzidisha kiasi hicho kwa siku moja. Katika miaka iliyofuata bei ilishuka kwa kasi.

Wengi husimulia anguko la viwanda vya Uswisi kana kwamba kwatzi peke yake ilitosha kuviua. Kulikuwa na sababu nyingine nzito. Baada ya Marekani kuondoa dola kwenye dhahabu mwaka 1971, faranga ya Uswisi ilipanda thamani bila kusimama: dola moja iliyonunua zaidi ya faranga 4 mwanzoni mwa muongo ilikuwa ikinunua chini ya 2 kufikia mwaka 1978. Saa ileile, iliyotengenezwa kwa gharama ileile Le Locle, ilimgharimu mnunuzi wa New York zaidi ya mara mbili. Hapohapo ukaja mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973 na mdororo wa uchumi uliofuata. Wafanyakazi wa sekta ya saa Uswisi, waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970, walipungua hadi zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Miji kama Le Locle haikuwa na kazi nyingine ya kuwapa.

Ni katika dhoruba hiyo ndipo Wamarekani walipoingia. Zenith Radio Corporation ya Chicago haikuwa na undugu wowote na kiwanda cha Le Locle. Ilifanana nacho kwa jina tu. Kufanana huko kulikuwa kumeizuia Zenith ya Uswisi kutumia jina lake katika soko la Marekani, na hiyo ndiyo sababu saa zake, hata zenye mashine ya El Primero, ziliuzwa huko kwa jina la Movado, kampuni iliyoungana nayo mwaka 1969. Mwaka 1971 kampuni ya Chicago ilinunua sehemu kubwa ya hisa, na jina hilo likawa na mmiliki mmoja pande zote mbili za Atlantiki. Kampuni ya vifaa vya umeme iliitazama saa kama kifaa cha umeme, na kwa mtazamo huo uamuzi wake una mantiki: mwaka 1975 iliamuru utengenezaji wa mashine za kimakanika ukome, na zana zake ziuzwe kwa uzito, kama chuma chakavu.

Charles Vermot alikuwa msimamizi wa karakana namba 4, mahali vipande vya msingi vya mashine vilipokatwa. Alijua kalibu moja ya kukatia chuma inachukua muda gani kutengenezwa na inagharimu kiasi gani, na alijua kwamba zikiuzwa hakuna mtu atakayekubali kulipia nyingine. Aliwaandikia wakuu wake barua akiwaeleza kwamba kronografu ya kimakanika haitakufa kabisa, na akaomba waiache angalau karakana moja ndogo. Ombi hilo halikukubaliwa. Ndipo alipoanza, baada ya saa za kazi, kupandisha zana darini katika moja ya majengo ya kiwanda: mashine za kugonga, kalibu, kamu za kuongozea mashine, na vifaa vya kukatia. Aliziwekea lebo moja moja, akaandika madaftari yanayoeleza kila hatua ya utengenezaji kwa mpangilio wake, kisha mlango wa dari hilo ukazibwa.

Watu wakisimulia kisa hiki hukaa zaidi kwenye siri na ujasiri. Ninaona sehemu iliyo kubwa zaidi ni yale madaftari na zile lebo. Kalibu isiyo na jina, ikipatikana miaka kumi baadaye miongoni mwa nyingine zinazofanana nayo, ni pande la chuma tu. Anayeitazama hajui ni ya kipande gani, inatangulia nini, inafuatwa na nini, wala ipigwe kwa nguvu kiasi gani. Vermot hakuhifadhi chuma pekee. Alihifadhi utaratibu wa kazi, kwa maandishi, akiwafikiria mafundi ambao huenda asingekuwepo kuwaelekeza. Aliyafanya haya akijua kwamba akigunduliwa angeweza kupoteza kazi katika mji uliokuwa ukipoteza kazi kila mwezi.

Mwaka 1978 Wamarekani waliuza. Kampuni ilirudi mikononi mwa Waswisi, chini ya Paul Castella, mwenye viwanda wa Le Locle ambaye kundi lake la Dixi lilitengeneza mashine za viwandani. Ni jambo la maana kwamba mnunuzi alikuwa mtu wa mashine, anayefahamu thamani ya zana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Ebel, iliyohitaji mashine nzuri ya kronografu kwa saa zake, ilikuja kununua El Primero zilizobaki ghalani. Akiba hiyo isingedumu, na hapo ndipo swali la kutengeneza upya lilipoibuka. Kuanza kutoka sifuri kungehitaji fedha ambazo kampuni haikuwa nazo. Vermot aliwaonesha zilipo zana na madaftari yake, na katikati ya miaka ya 1980 mashine ikaanza kutengenezwa tena.

Mteja aliyeiweka Zenith kwenye msingi imara alikuwa Rolex. Kronografu yake, Daytona, ilikuwa bado inajazwa kwa mkono wakati wanunuzi walitarajia saa inayojijaza, na Rolex haikuwa na mashine yake ya aina hiyo. Mwaka 1988 ilizindua Daytona mpya iliyojengwa juu ya El Primero. Haikuichukua kama ilivyo. Iliondoa kalenda, ikabadilisha gurudumu la mizani na springi yake, na ikapunguza mwendo kutoka mapigo 36,000 hadi 28,800, ikiona kwamba mashine inayokwenda taratibu zaidi huchakaa polepole na hukaa muda mrefu kabla ya kuhitaji kufunguliwa na fundi. Mabadiliko yote yanatajwa kuwa zaidi ya 200. Kwa hiyo anayesema Daytona ya miaka hiyo ni Zenith yenye jina jingine anakosea, na anayesema haihusiani na Zenith anakosea zaidi. Ushirikiano huo ulidumu hadi mwaka 2000, Rolex ilipotoa mashine yake yenyewe. Miaka hiyo 12 ya oda za uhakika ndiyo iliyoziweka karakana za Le Locle zikifanya kazi hadi wanunuzi wa dunia walipoanza tena kuzitamani saa za kimakanika.

Mwishoni mwa mwaka 1999 kundi la Ufaransa la bidhaa za anasa, LVMH, liliinunua Zenith, na tangu hapo historia yake inahusu zaidi jinsi ya kuuza kuliko jinsi ya kutengeneza. Katika miaka ya 2000, chini ya mkurugenzi Thierry Nataf, bei zilipanda na maumbo yakawa makubwa na yenye mapambo mengi. Jean-Frédéric Dufour, aliyemfuata mwaka 2009, alirudisha saa za ukubwa wa wastani zinazoikumbuka miaka ya 1960, kisha mwaka 2014 akaitwa kuiongoza Rolex. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa ladha za viongozi hupita.

Ya kudumu ni yale yaliyofanyika katika mashine. El Primero ya 1969 ilikuwa na kasoro moja ambayo wapenzi wake hawaisemi mara nyingi: iliweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde, lakini mshale wake ulizunguka uso wa saa kwa sekunde 60, hivyo kusoma sehemu hiyo ya kumi kwa jicho kulihitaji kutafuta kistari kimoja kati ya mamia. Uwezo ulikuwepo, usomaji haukuwa rahisi. Mwaka 2021 kampuni ilitoa Chronomaster Sport yenye kaliba 3600, ambayo mshale wake wa kronografu huzunguka mara moja kwa kila sekunde 10, na ukingo unaouzunguka uso wa saa umegawanywa sehemu 100. Sasa mtu anaweza kuisoma sehemu ya kumi bila shida. Kilichoahidiwa na hesabu ya mapigo 36,000 kilimfikia mvaaji baada ya miongo kadhaa. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Defy El Primero 21 ilikuwa imekwenda mbali zaidi kwa kuipa kronografu gurudumu lake la pili la mizani, lenye mapigo 360,000 kwa saa na uwezo wa kupima sehemu ya mia ya sekunde, huku lile la kwanza likiendelea kutunza muda wa kawaida.

Na ile njia nyingine, ya gurudumu kubwa linalokwenda taratibu, nayo imerudi. Mashine kadhaa za kaliba 135 zilizoshindana Neuchâtel katika miaka ya 1950 zilikuwa zimehifadhiwa kiwandani bila kuuzwa. Mwaka 2022 kumi kati yake zilipambwa upya kwa mkono na fundi Kari Voutilainen na kutiwa ndani ya makasha ya platinamu kwa ajili ya wanunuzi, bila kuguswa marekebisho yaliyofanywa na mafundi wa mashindano. Mwaka 2025, kampuni ikitimiza miaka 160, ilizindua saa iliyopewa herufi za mwanzo za jina la mwanzilishi, G.F.J., ikiwa na kaliba 135 iliyotengenezwa upya. Imebaki na kipenyo kilekile, unene uleule na mapigo 18,000 yaleyale, lakini sasa inakwenda saa 72 kabla ya kujazwa tena, na toleo hilo la kwanza lilikuwa la saa 160 za platinamu.